Chuki, Ugaidi na Bunduki katika Mafaili Matatu: Dola la Marekani na Usalama wa Raia Weusi wa South Carolina, 1871–2024

Ikisiri

Insha hii inachunguza hatua za serikali ya Marekani dhidi ya jinai za chuki, ugaidi wa ndani na mauaji ya bunduki kwa kulitazama jimbo moja, South Carolina, kuanzia kipindi cha Ujenzi Mpya hadi miaka ya hivi karibuni. Hoja kuu ni kwamba maovu hayo matatu, ambayo wauaji wameyatenda kama tendo moja, yamewekwa na dola katika sheria, idara na kumbukumbu zilizotengana. Sheria ya mwaka 1871 iliyakabili kwa pamoja na ikafaulu kwa muda mfupi. Uamuzi wa mahakama na uchovu wa kisiasa ukayatenganisha. Mauaji ya Charleston ya mwaka 2015 yanaonyesha gharama ya utengano huo. Hata hivyo, historia ya jimbo hilohilo inatahadharisha kwamba dola lenye mamlaka makubwa dhidi ya "magaidi" limewahi kuyaelekeza mamlaka hayo kwa wahanga wenyewe.

1.0 Utangulizi

Jioni ya tarehe 17 Juni 2015, kijana mweupe wa miaka 21 aliingia katika kanisa la Emanuel African Methodist Episcopal mjini Charleston, akakaribishwa katika darasa la Biblia, akaketi na waumini kwa muda wa karibu saa moja, kisha akawafyatulia risasi walipokuwa wameinamisha vichwa katika sala ya kufunga. Watu tisa walikufa. Miongoni mwao alikuwamo mchungaji wa kanisa hilo, Clementa Pinckney, ambaye pia alikuwa mjumbe wa Seneti ya jimbo.

Tendo hilo moja lilikuwa na sura tatu. Lilikuwa jinai ya chuki, kwa kuwa wahanga walichaguliwa kwa rangi yao. Lilikuwa ugaidi, kwa kuwa muuaji alikwisha kuandika kwamba nia yake ilikuwa kuchochea mapambano ya rangi. Na lilikuwa mauaji ya bunduki, yaliyotendwa kwa bastola iliyonunuliwa dukani miezi miwili kabla, mbele ya karani, baada ya serikali kuulizwa kama mnunuzi anastahili kuuziwa. Swali ambalo historia inapaswa kuliuliza ni hili: kwa nini dola lililokuwa na sheria kuhusu chuki, sheria kuhusu ugaidi na sheria kuhusu silaha halikuwa na mahali pamoja pa kuyaona mambo hayo matatu yakikutana ndani ya mtu mmoja?

Majibu yaliyozoeleka hutazama upungufu wa sheria. Insha hii inatazama mpangilio wake. Waswahili husema kidole kimoja hakivunji chawa. Hapa vidole vilikuwa vitatu, lakini kila kimoja kiliachwa kifanye kazi peke yake.

Mkabala unaotumika unaanzia kwa Max Weber, aliyeieleza dola kuwa chombo kinachodai peke yake haki ya kutumia nguvu kihalali katika eneo lake. Kwa raia Weusi wa South Carolina dai hilo halikuwahi kuwa kweli kikamilifu. Kwa vipindi virefu dola liliigawa nguvu hiyo na watu binafsi, ama kwa kuwaruhusu, ama kwa kuwafumbia macho. Historia ya hatua za serikali dhidi ya chuki yenye silaha ni, kwa maana hiyo, historia ya dola likijaribu kuirudisha mikononi mwake nguvu ambayo lenyewe liliigawa.

2.0 Usuli: Kanisa, Silaha na Hofu

Kanisa la Emanuel lilitokana na ushirika wa Kiafrika ulioanzishwa Charleston katika miaka ya 1810. Mwaka 1822 Denmark Vesey, seremala aliyekwisha kununua uhuru wake na aliyekuwa mmoja wa viongozi katika ushirika huo, alituhumiwa kupanga uasi wa watumwa. Watu 35 walinyongwa, yeye akiwa miongoni mwao. Jengo la kanisa lilibomolewa, na waumini wakasali kwa siri hadi mwisho wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Serikali ya jimbo ilianzisha kikosi cha kulinda mji na ghala la silaha. Kutokana na ghala hilo kilizaliwa baadaye chuo cha kijeshi cha Citadel. Hatua ya kwanza kubwa ya dola katika jimbo hilo dhidi ya kile lilichokiona kuwa ugaidi ilielekezwa, basi, kwa kanisa lilelile ambalo miaka 193 baadaye lingemwagiwa damu. Jambo hili litarejewa mwishoni, kwa kuwa linaelemea mjadala wote.

Utumwa ulipokoma, suala la nani aruhusiwe kumiliki silaha lilijitokeza mara moja. Sheria za Weusi zilizotungwa South Carolina mwezi Desemba 1865 zilimkataza mtu Mweusi kuwa na silaha bila idhini ya hakimu wa wilaya, isipokuwa mwenye shamba aliyeruhusiwa bunduki ya kuwindia. Serikali ya Ujenzi Mpya ilipoingia madarakani mwaka 1868, mambo yaligeuka: Gavana Robert K. Scott aliunda mgambo wa jimbo, ambao wengi wa askari wake walikuwa watu Weusi, na akawapa bunduki. Kwa wakulima waliokuwa watumwa miaka mitatu kabla, bunduki hiyo ilikuwa ithibati ya uraia. Kwa kundi la Ku Klux Klan ilikuwa tusi lisilovumilika.

3.0 Sheria Moja kwa Maovu Matatu, 1871

Usiku wa tarehe 6 Machi 1871, katika kaunti ya York, kundi la watu waliojifunika nyuso walimtoa nyumbani kwake Jim Williams, kapteni wa mgambo, wakamnyonga mtini, kisha wakaendelea kuzunguka nyumba za askari wake wakizitafuta bunduki. Katika tukio hilo yanaonekana yote matatu: chuki ya rangi iliyomteua mhanga, ugaidi ulioratibiwa ili kuubadilisha utawala, na mapambano juu ya nani awe na silaha.

Rais Ulysses S. Grant aliliomba Bunge sheria, na tarehe 20 Aprili 1871 ikapitishwa ile iliyojulikana kama Sheria ya Ku Klux. Upekee wake ni kwamba haikulenga mauaji kama mauaji. Ililenga njama: watu wawili au zaidi kushirikiana, au kujigeuza sura na kutembea barabarani, kwa nia ya kumnyima raia ulinzi sawa wa sheria. Ilimruhusu Rais kutumia jeshi, na pia kusimamisha, kwa muda maalumu, haki ya mfungwa kufikishwa mahakamani.

Grant aliyatumia mamlaka hayo South Carolina. Tarehe 17 Oktoba 1871 alisimamisha haki hiyo katika kaunti tisa za kaskazini mwa jimbo. Wizara ya Sheria, iliyoanza kazi Julai 1870 tu, ilikuwa chini ya Mwanasheria Mkuu Amos T. Akerman, mtu wa Georgia aliyewahi kulitumikia jeshi la majimbo ya Kusini yaliyoasi. Huko York, Meja Lewis Merrill wa jeshi la farasi alikuwa amekusanya kwa miezi kadhaa ushahidi wa mauaji na mamia ya vipigo. Alifika akidhani kwamba habari hizo zimetiwa chumvi. Aliyoyasikia kutoka kwa waliopigwa yalimbadilisha. Mamia ya watuhumiwa walikamatwa, wengine wakajisalimisha wenyewe, na wengi wa vinara wakakimbia jimbo. Kesi zilianza Columbia mwezi Novemba, mbele ya majopo ambamo raia Weusi walikuwa wengi.

Inafaa kuzingatia namna kazi hiyo ilivyofanyika. Ofisa mmoja, katika kituo kimoja, alikuwa na orodha moja iliyoonyesha nani ameuawa, nani amepigwa, nani amenyang'anywa bunduki na nani anatajwa kuwa mwanachama wa kundi. Kumbukumbu hazikugawanyika kwa aina ya kosa. Waendesha mashtaka hata walijaribu kuwashtaki washiriki wa mauaji ya Williams kwa kula njama ya kumnyima raia haki yake ya kikatiba ya kuwa na silaha. Hoja hiyo haikufaulu, lakini inadhihirisha kwamba wanasheria wa serikali walikwisha kuona kuwa chuki, ugaidi na bunduki ni fundo moja. Matokeo yalionekana: kufikia mwaka 1872 Klan ilikuwa imevunjika nguvu katika jimbo hilo.

Ufanisi huo haukudumu. Akerman aliondoka wizarani mwanzoni mwa mwaka 1872, na kuanzia mwaka 1873 wafungwa walianza kusamehewa. Kisha zikaja hukumu za Mahakama ya Juu. Katika shauri la Cruikshank la mwaka 1876, lililotokana na mauaji ya Colfax huko Louisiana, Mahakama iliamua kwamba vifungu vya katiba vilivyotajwa viliizuia serikali, si watu binafsi. Mwaka 1883, katika shauri la Harris, ilikibatilisha kifungu cha jinai cha Sheria ya Ku Klux kuhusu njama za watu binafsi. Mwezi Julai 1876, mgambo Weusi wa kijiji cha Hamburg, South Carolina, walishambuliwa na kundi la Weupe wenye silaha; baadhi yao waliuawa baada ya kukamatwa. Hakuna aliyeadhibiwa. Nguvu iliyokuwa imerudishwa mikononi mwa dola iligawiwa upya.

4.0 Mafaili Yanavyotengana, 1968–2009

Karne ya ishirini ililirejesha Bunge katika suala hilo, lakini kwa njia tatu zilizotengana.

Njia ya kwanza ilikuwa ya bunduki. Sheria ya Udhibiti wa Bunduki ya Oktoba 1968, iliyofuata kuuawa kwa Martin Luther King na Robert Kennedy, iliorodhesha watu wasioruhusiwa kumiliki silaha, wakiwemo waliohukumiwa kwa makosa makubwa na watumiaji wa dawa za kulevya. Sheria ya Brady ya mwaka 1993 iliongeza uchunguzi wa rekodi za mnunuzi, na kuanzia Novemba 1998 uchunguzi huo ukafanywa papo hapo na ofisi ya FBI. Lakini Bunge liliweka saa juu ya uchunguzi huo: ikiwa siku tatu za kazi zitapita bila jibu, muuzaji yuko huru kuuza. Katika mapatano ya kisiasa, ukimya wa serikali ulihesabiwa kuwa ndiyo.

Njia ya pili ilikuwa ya chuki. Sheria ya Haki za Kiraia ya Aprili 1968 iliadhibu mashambulizi ya rangi pale tu mhanga alipokuwa akitumia haki fulani zilizotajwa, kama vile kupiga kura au kwenda shule. Sheria ya Takwimu za Jinai za Chuki ya mwaka 1990 iliagiza matukio yahesabiwe, ila polisi wa majimbo na miji hawakulazimika kutoa taarifa. South Carolina ilichangia sura yake. Mwezi Juni 1995 wafuasi wa Klan waliyachoma moto makanisa mawili ya Weusi, Macedonia Baptist katika kaunti ya Clarendon na Mount Zion huko Greeleyville. Rais Bill Clinton alifika Greeleyville mwaka uliofuata, na Julai 1996 Bunge likaikaza sheria ya kulinda nyumba za ibada. Hatimaye, Oktoba 2009, Rais Barack Obama alitia saini sheria yenye majina ya Matthew Shepard na James Byrd, wote wawili waliouawa mwaka 1998. Sheria hiyo iliondoa sharti la zamani: sasa ilitosha kuthibitisha kwamba mtu alishambuliwa kwa sababu ya rangi yake.

Njia ya tatu ilikuwa ya ugaidi. Baada ya bomu la Oklahoma City la mwaka 1995, lililoua watu 168, na mashambulizi ya Septemba 2001, mamlaka ya serikali yalipanuka sana, lakini yaliyopanuka zaidi yalielekea nje. Sheria ya Patriot ya mwaka 2001 ilitoa maana ya ugaidi wa ndani: vitendo vya hatari kwa maisha vyenye nia ya kuwatisha raia au kuishawishi serikali kwa vitisho. Ilitoa maana bila kuweka kosa wala adhabu mahususi inayolingana nayo. Mwaka 2009 Wizara ya Usalama wa Ndani ilipotoa tathmini ya hatari ya makundi ya mrengo wa kulia, kelele za kisiasa zilikuwa kali kiasi kwamba tathmini hiyo iliondolewa na waziri akawaomba radhi maveterani.

Kufikia mwaka 2015, basi, palikuwa na mafaili matatu. La bunduki lilimwuliza mnunuzi kuhusu yaliyopita, kwa siku tatu. La chuki lilifunguliwa baada ya mhanga kuanguka. La ugaidi lilikuwa na jina lakini halikuwa na adhabu.

5.0 Charleston, 2015

5.1 Faili la bunduki

Mapema mwaka 2015 muuaji alikamatwa na polisi wa mji wa Columbia akiwa na dawa iliyodhibitiwa, akakiri kuwa ilikuwa yake. Kukiri huko kungetosha kumzuia kununua silaha. Tarehe 11 Aprili, siku chache baada ya kutimiza miaka 21, umri ambao sheria inamruhusu muuza silaha kumuuzia mtu bastola, alifika katika duka la bunduki. Mchunguzi wa FBI, akiwa katika ofisi ya West Virginia, aliiona rekodi ya kukamatwa, lakini rekodi ilimwelekeza kwenye kaunti ya Lexington badala ya polisi wa Columbia. Aliwauliza wasiokuwa na karatasi hizo. Waliokuwa nazo hakuwauliza. Siku tatu za kazi zikapita. Tarehe 16 Aprili bastola ikauzwa kihalali.

Mkurugenzi wa FBI, James Comey, aliyakiri hayo hadharani tarehe 10 Julai 2015. Ilikuwa ni siku ileile ambayo bendera ya majimbo yaliyoasi ilishushwa katika viwanja vya bunge la South Carolina, baada ya kupepea hapo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tukio la bendera lilipewa nafasi kubwa zaidi katika kumbukumbu za umma. Hata hivyo, kwa mtafiti wa taasisi, kiri la Comey lina uzito usiopungua: alama iliondolewa siku hiyo, lakini saa ya siku tatu haikuguswa.

5.2 Faili la chuki

South Carolina haikuwa na sheria ya jinai za chuki. Serikali ya jimbo iliweza kushtaki kwa mauaji tu. Serikali kuu, kupitia Mwanasheria Mkuu Loretta Lynch, ilifungua mwezi Julai mashtaka 33: 12 chini ya sheria ya Shepard na Byrd, 12 chini ya sheria ya kulinda ibada, na tisa ya kutumia silaha katika mauaji. Yaani nusu ya mashtaka ya chuki yalisimama juu ya sheria iliyokazwa kutokana na majivu ya makanisa ya jimbo hilohilo. Desemba 2016 jopo lilimtia hatiani kwa yote, na Januari 2017 akahukumiwa kifo.

Sheria ya chuki ilifanya kazi yake kikamilifu. Lakini kazi hiyo ilikuwa ya kutoa jina na adhabu. Siku mbili baada ya mauaji, ndugu wa marehemu walisimama mahakamani, baadhi yao wakimwambia muuaji kwamba wamemsamehe. Maneno hayo yalisifiwa duniani kote, na sifa hiyo ilielekea kuifunika hoja ambayo haikuhitaji msamaha bali majibu: nani alimpa silaha, na kwa nini.

5.3 Faili la ugaidi

Siku chache baada ya mauaji Comey alisema kwamba, kwa aliyokuwa akiyajua wakati huo, hakuliona tendo hilo kuwa la kisiasa. Ushahidi uliofuata ulikuwa wazi zaidi. Muuaji alikuwa na tovuti aliyoipa jina lenye maana ya Mrodesia wa mwisho, na alipiga picha akiwa amevaa koti lenye bendera mbili: ya Rhodesia na ya Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Rhodesia ilikoma mwaka 1980. Muuaji alizaliwa Aprili 1994, mwezi ambao Waafrika Kusini walipiga kura yao ya kwanza ya wote.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, maelezo haya si ya pembeni. Tawala mbili ambazo Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, yenye makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963, ilifanya kazi kuzing'oa, ziliendelea kuishi kama ndoto katika fikra za vijana wasiozishuhudia. Itikadi hiyo haikuwa ya kikaunti wala ya jimbo. Ilikuwa na ramani ya dunia na historia yake. Mtu anayevaa bendera za tawala zilizoanguka, anayeandika tamko, na anayechagua kanisa lenye historia ya Vesey, anatenda siasa kwa maana yoyote ya neno hilo. Hata hivyo hakuna shtaka la ugaidi lililofunguliwa, kwa sababu hapakuwa na kosa hilo katika sheria kwa mauaji ya bastola ya mtu asiye na uhusiano na kundi la nje.

6.0 Baada ya Charleston

Hatua zilizofuata zilirudia mgawanyo uleule. Kuhusu bunduki, James Clyburn, mbunge wa South Carolina, aliongoza muswada wa kurefusha muda wa uchunguzi hadi siku kumi za kazi. Baraza la Wawakilishi liliupitisha mwaka 2019 na tena mwaka 2021. Mara zote uliishia Seneti. Sheria ya pande mbili ya Juni 2022, ambayo ndiyo kubwa ya silaha kupita katika karibu miaka 30, ilirefusha uchunguzi hadi siku kumi, lakini kwa wanunuzi wasiofikisha miaka 21. Muuaji wa Charleston alikuwa amekwisha kufikisha umri huo kwa siku kadhaa. Sheria iliyotungwa miaka saba baadaye isingemgusa.

Kuhusu chuki, Bunge la taifa lilipitisha Machi 2022 sheria yenye jina la Emmett Till, iliyoyafanya mauaji ya umati kuwa kosa la shirikisho baada ya zaidi ya karne moja ya majaribio. South Carolina yenyewe iliandaa muswada uliopewa jina la Pinckney. Baraza la Wawakilishi la jimbo liliupitisha mwaka 2021 na mwaka 2023. Seneti, ambamo Pinckney alikuwa na kiti, haikuupigia kura ya mwisho. Kufikia mwaka 2024 jimbo hilo na Wyoming ndiyo pekee yaliyokuwa bila sheria ya namna hiyo.

Kuhusu ugaidi, Ikulu ya Rais Joe Biden ilitoa Juni 2021 mkakati wa kwanza wa taifa dhidi ya ugaidi wa ndani, lakini suala la kutunga kosa jipya liliachwa mikononi mwa Wizara ya Sheria lichunguzwe zaidi. Mei 2022 kijana mwenye fikra zinazofanana na za muuaji wa Charleston aliwaua watu Weusi kumi katika duka la vyakula mjini Buffalo. Jimbo la New York lilikuwa na sheria iliyounganisha mafaili mawili, ugaidi wa ndani unaotokana na chuki, na muuaji alikiri kosa hilo. Serikali kuu haikuwa na kifungu kinacholingana nacho.

Mahakamani, hata hivyo, faili la bunduki lilifunguliwa kwa njia nyingine. Familia za Charleston ziliishtaki serikali kwa uzembe wa uchunguzi. Mwaka 2019 mahakama ya rufaa iliruhusu shauri liendelee, na Oktoba 2021 Wizara ya Sheria ilikubali kulipa dola milioni 88. Mmoja wa mawakili wa familia alikuwa Bakari Sellers. Jina lake linarejesha sura nyingine ya historia hii.

7.0 Hoja Kinzani: Nani Huitwa Gaidi

Tarehe 8 Februari 1968, askari wa barabarani wa South Carolina waliwafyatulia risasi wanafunzi Weusi mjini Orangeburg waliokuwa wakipinga ukumbi wa mchezo wa boling uliowakataa. Watatu walikufa na zaidi ya 20 wakajeruhiwa. Askari tisa walishtakiwa na serikali kuu, wakaachiwa huru. Mtu pekee aliyefungwa kwa tukio hilo alikuwa Cleveland Sellers, mwanaharakati aliyekuwa amejeruhiwa kwa risasi, aliyehukumiwa kwa kosa la ghasia. Jimbo lilimsamehe rasmi mwaka 1993. Bakari Sellers ni mwanawe.

Mfano huo unaipa nguvu hoja ya wale wanaokataa kosa jipya la ugaidi wa ndani. Kati ya mwaka 1956 na 1971 FBI iliendesha mpango wa siri wa COINTELPRO, uliomfuatilia na kumhujumu Martin Luther King pamoja na wanaharakati wengine. Mwaka 1822 dola lililinda mji kwa kulivunja kanisa. Katika jimbo hili neno gaidi, au visawe vyake vya kila zama, limewaangukia Weusi mara nyingi kuliko wale waliowaua. Kuunganisha mafaili matatu kwa kumpa dola upanga mrefu zaidi kunaweza, basi, kuwarudia walewale wanaopaswa kulindwa.

Hoja hiyo ni nzito, lakini haithibitishi kwamba utengano uliopo ndio ulinzi. Kilichofanikisha kazi ya mwaka 1871 hakikuwa kusimamishwa kwa haki ya mfungwa peke yake. Kilikuwa pia daftari la Merrill: kumbukumbu moja, ofisa anayewasikiliza waliopigwa, na kesi za wazi mbele ya majopo yaliyowahusisha raia Weusi. Na kilichokosekana Aprili 2015 hakikuwa mamlaka ya upelelezi. Kilikosekana kipande kimoja cha karatasi kati ya ofisi mbili, pamoja na siku chache za kukitafuta. Kurefusha saa na kuzifanya rekodi zisomane hakuhitaji kumwita mtu yeyote gaidi kabla hajatenda.

8.0 Hitimisho

Desemba 2024 Rais Biden aliwapunguzia adhabu wafungwa 37 kati ya 40 waliosubiri kunyongwa na serikali kuu. Aliwaacha watatu, akieleza kuwa ugaidi na mauaji ya halaiki yenye chuki hayamo katika msamaha huo. Muuaji wa Charleston ni mmoja wa hao watatu. Kwa hiyo dola, ambalo halikuweza kuyaunganisha maneno hayo mawili katika hati ya mashtaka, liliyaunganisha katika kueleza nani abaki na adhabu ya kifo.

Uchunguzi huu umeonyesha mambo matatu. Kwanza, muungano wa chuki, ugaidi na silaha si jambo la karne ya sasa; ulikuwapo York mwaka 1871, na serikali iliutambua. Pili, kutengana kwa sheria hakukutokana na uchanganuzi wa kisheria pekee, bali na hukumu za mahakama na mapatano ya kisiasa ambayo kila moja lilikuwa na sababu yake, na ambayo kwa pamoja yaliacha mwanya. Tatu, kila faili lilikazwa baada ya vifo: la ibada baada ya majivu ya Greeleyville, la chuki baada ya Shepard na Byrd, la bunduki baada ya mauaji ya mwaka 2022. Saa ya siku tatu kwa mnunuzi aliyetimiza miaka 21 imebaki kama ilivyokuwa.

Wiki moja kabla ya kuuawa, mwezi Juni 2015, muswada ambao Pinckney aliutetea wa kuwavisha polisi kamera ulitiwa saini na gavana kuwa sheria. Muswada huo ulitokana na kifo cha mtu Mweusi aliyepigwa risasi na polisi huko North Charleston miezi miwili kabla. Alikuwa ameshughulika na dola kama mwenye kuua. Hakupata muda wa kushughulika nalo kama mwenye kuchelewa. Kazi hiyo ya pili ndiyo iliyobaki mbele ya mabunge mawili, la jimbo na la taifa, na ndiyo itakayoamua kama malipo ya mwaka 2021 yatakumbukwa kuwa mwisho wa kosa au kuwa bei yake tu.